Ukuta nusu wa jikoni na bafuni unahitaji mguu na kofia

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuuzungumzie ukuta nusu, ule unaoishia kiunoni au kifuani, ambao sasa wengi wanaokarabati jiko au bafu wanautaka. Tunaelewa kwa nini. Unatenganisha bila kuziba. Mwanga unapita, anayepika anaonana na walioko upande wa pili, na bafuni choo kinapata stara bila chumba kuwa na giza. Kinachotusikitisha ni kwamba kazi hii huchukuliwa kuwa kibarua cha jioni moja, na muda si mrefu ukuta unatikisika ukiguswa, au rangi ya upande mkavu inabambuka.

Ukuta mzima umeshikwa chini, pembeni na juu. Ukuta nusu hauna wa kuushika kichwani, na mara nyingi ncha yake moja imeachwa wazi. Mtu akiuegemea, nguvu yote inashukia kwenye kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini kabisa wa matofali. Tofali na mota huvumilia sana kugandamizwa, lakini hazivumilii kuvutwa, ndiyo maana ufa wa kwanza hutokea chini kabisa, pale ukuta unapokutana na sakafu. Kuongeza saruji kwenye mota hakuondoi tatizo hilo. Dawa yake ni chuma.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuujenga juu ya vigae vya zamani. Mota haishiki uso laini wa kigae, na kigae chenyewe kimeshikwa na gundi tu. Vigae vikatwe kwa grenda kwa upana wa ukuta mpaka zege lionekane, kisha zege likwaruzwe na kuloweshwa. Kabla ya kutoboa, hakikisheni hakuna bomba wala waya uliopita humo. Hapo yatobolewe matundu ya nondo ya milimita 12, kina cha sentimita 10 hadi 12, moja kwenye ncha iliyo wazi na nyingine kila baada ya sentimita 60 au chini ya hapo. Vumbi litolewe tundu kwa tundu: pulizeni, sugueni kwa brashi, pulizeni tena. Kisha nondo zigandishwe kwa epoksi, gundi kali ya zege na chuma. Epoksi iliyoshika vumbi haijashika zege, na nondo hiyo itachomoka kwa mkono. Sakafu ikiwa nyembamba kuliko kina hicho, msitoboe mpaka chini. Chimbeni sehemu hiyo na kumwaga mguu mpya wa zege wenye nondo zake.

Nondo zipande ndani ya matundu ya tofali na matundu hayo yajazwe zege laini, kozi baada ya kozi. Mahali ukuta mpya unapoungana na wa zamani, fungeni kwa vyuma kila baada ya kozi mbili, maana kuupachika kwa mota peke yake ni kuualika ufa wa wima. Juu mwageni mkanda wa zege wa sentimita 7 hadi 10 wenye nondo mbili za kulala. Kama nafasi ipo, ncha iliyo wazi ipewe kona fupi ya herufi L, hata ya sentimita 40. Kona hiyo hufanya kazi kubwa kuliko unene wa ziada. Mwenye nyumba, dai kuziona nondo hizo kabla ya lipu kupigwa. Baada ya lipu hakuna wa kukuthibitishia.

Penye sakafu ya mbao kanuni ni ileile. Nguzo ya mbao iliyo kwenye ncha ya ukuta ipenye ubao wa sakafu na ifungwe kwa bolti mbili kwenye boriti iliyo chini. Kama hapo hakuna boriti, pachikeni kipande cha mbao nene kati ya boriti mbili kwanza. Ukuta uliopigiliwa misumari kwenye mbao za sakafu tu utacheza, na ukicheza vigae vyake vitaachia.

Wengine hawajengi upya, wanaupunguza ukuta uliopo. Hapo swali la kwanza ni kama unabeba kitu: boriti, kenchi za paa au ukuta wa ghorofa ya juu. Ukibeba, msiuguse bila mhandisi na bila lenta ya kupokea mzigo. Usipobeba, zimeni umeme na fungeni maji, pigeni mstari wa pimamaji pande zote mbili, kateni kwa grenda, kisha ondoeni tofali moja moja kuanzia juu. Nyundo kubwa hulegeza viungio vya sehemu inayobaki, na mnajikuta na ukuta mfupi ambao tayari ni mbovu. Kateni chini ya kimo mnachotaka ili mkanda wa zege upate nafasi.

Kimo kipimwe kutoka sakafu iliyokamilika. Tuseme mnataka kaunta ya kukalia ya sentimita 105. Jiwe la juu na gundi yake ni 2.5, kigae cha sakafu na gundi ni 1.5. Basi kutoka zege tupu ukuta uishie 104. Unene nao huwashangaza wengi: tofali la sentimita 10, lipu na vigae pande zote mbili, jumla hufika 16. Kwenye jiko dogo hizo ndizo zinazokula njia, na njia isipungue mita 1.

Jikoni, ukuta ulio nyuma ya sinki upite kaunta kwa sentimita 10 hadi 15. Unazuia maji kuruka na unaficha vyombo. Meza ya kukalia itokeze sentimita 30 ili magoti yapate pa kukaa, ishikwe na mabano ya chuma, na kila mtu apewe upana wa sentimita 60. Jiko la moto msiliweke dhidi ya ukuta nusu wenye viti upande wa pili. Mafuta yanaruka, na mtoto anafikia sufuria. Mkihamishia sinki kwenye ukuta huu, kumbukeni bomba la hewa la maji machafu haliwezi kupanda moja kwa moja. Fundi bomba alipangie njia kabla ya tofali la kwanza.

Bafuni penye hatari ni kofia, yaani jiwe au vigae vinavyofunika kichwa cha ukuta. Maji hayaingii sana ubavuni, yanaingia juu, mahali yanapotuama. Vigae vidogo vilivyopangwa juu vina viungio vingi, na grauti, ile saruji ya kujaza viungio, si kizuizi cha maji. Wekeni jiwe moja zima, litokeze sentimita 1 kila upande, na liinamie upande wa shawa kwa milimita 2 kwa kila sentimita 10. Chini yake dawa ya kuzuia maji ipakwe mara mbili, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza, ivuke kichwa cha ukuta na kushuka upande mkavu pia. Pembe zote zipewe utepe wake, na kigae kinapogeuka kona pajazwe silikoni. Bodi za jipsamu za kawaida zisitumike hapa kabisa. Kabla ya vigae, zibeni tundu la sakafu, jazeni maji na myaache saa 24 muone kama yanavuja.

Kando ya choo, acheni angalau sentimita 38 kutoka katikati ya choo hadi uso wa kigae. Kama kuna mzee atakayeushika ukuta ili ainuke, mwambieni fundi mapema aongeze nondo.

Kioo juu ya ukuta kiwe kilichoimarishwa kwa joto, cha milimita 8 au 10. Cha 10 kina uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, na mzigo huo unakaa kwenye kichwa kisichoshikwa. Msitoboe jiwe la kofia ikiwa kioo kinaweza kushikwa na ukuta wa pembeni na reli iliyogandishwa kwa silikoni. Ikibidi kutoboa, jazeni tundu silikoni kabla ya skrubu. Vipimo vya kioo vichukuliwe baada ya kofia kukaa mahali pake, kwa sababu kioo hicho kikishaimarishwa hakikatwi tena.

Ni sisi mafundi waashi