Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ngoma za Hatua za Wanawake wa Uskoti

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumeshughulika na ngoma tatu tu: Flora MacDonald's Fancy, Blue Bonnets na Scottish Lilt. Kamati ilikusudia hivyo. Lilt peke yake imetuchukua miezi, kwa sababu huchezwa kwa mwendo wa 9/8 (mapigo madogo tisa katika kila kipimo cha muziki), na aliyezoea 6/8 (mapigo sita) ya Blue Bonnets humaliza hatua mapema akabaki akisubiri muziki.

Kazi kubwa ilikuwa kutua. Viatu vyetu ni vya ngozi laini, havina kisigino, kwa hiyo mtu akitua na unyayo mzima, sakafu nzima inamsikia. Chanzo ni goti lililokakamaa. Vidole viguse kwanza, goti lilegee juu ya vidole hivyohivyo, kisigino kishuke bila kugusa chini. Wapo wanaogeuza nyayo nje huku paja likiangalia mbele. Hao ndio waliolalamika magoti. Mgeuko uanzie kwenye nyonga, na asiyeweza kugeuza sana ageuze kidogo. Bora kidogo kilicho sahihi.

Kuhusu mikono: sketi hushikwa tu, haipandishwi. Ukiivuta juu, mabega nayo hupanda, shingo ikafupika, na wepesi wote ukapotea. Viwiko vilegee, vikae mbele kidogo ya mwili.

Limezuka pia suala la matoleo yanayotofautiana. Ngoma kadhaa za aina hii zinatokana na daftari la maelezo ya ngoma la Frederick Hill wa Alford, Uskoti, la 1841, ambalo mwalimu wa ngoma Isobel Cramb alilifanyia kazi kubwa hadi zikachezwa tena. Maelezo yale ni ya maneno, na maneno husomwa kwa namna zaidi ya moja. Naomba tuache kubishana ukumbini: kila ngoma iandikwe imefundishwa kwa toleo gani, na darasa zima lifuate hilo.

Mavazi yanabaki gauni jeupe na shali ya tartani (kitambaa cha mirabamiraba cha Uskoti), kama ilivyozoeleka kwenye michezo ya jadi ya Aboyne, Uskoti, tangu miaka ya 1950. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Msimu ujao kila hatua itaanza kufundishwa kwa mguu wa kushoto. Wa kulia tumeupendelea mno, na hatua inaporudiwa upande wa pili vipimo 8 vya muziki vinatuponyoka kwenye kipimo cha tatu au cha nne. Mazoezi ya kwanza yatakuwa bila muziki, kwa kuhesabu.

Mwenyekiti