Mama usishtuke, nina mbwa ndani

Mama shikamoo. Shikamoo baba mdogo, na wengine wote hapo Ujiji salamu ziwafikie. Mimi mzima, ni baridi tu ya Ujerumani inanitesa.

Nimeamua kuandika maana ile video kolu ya juzi ilikatika pabaya. Mama ulisikia kitu kinakohoa nyuma yangu ukauliza una mgonjwa humo ndani, nikasema ndio, halafu bando lako likaisha. Sikukudanganya. Ni mgonjwa kweli, ila ni mbwa.

Nakusubiri umalize astaghfirullah ndo niendelee.

Mnamkumbuka yule mzee wa ghorofa ya chini, aliyefurahi nilipomwambia kuwa meli yetu ya Liemba ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, maana Papenburg si mbali na hapa? Basi alianguka bafuni, akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali moja kwa moja nyumba ya wazee. Mbwa wake akabaki. Kuna ndugu alikuwa anapita mara moja moja kumwagia chakula, na sisi majirani tukajua anatunzwa, kumbe wapi, harufu ndo ilitupeleka mlangoni mpaka mwenye nyumba akaja kufungua. Jamani mimi nimekua naona mbwa wa mwaloni Kibirizi wanagombania vichwa vya samaki lakini mbwa wa hivi sijawahi kuona. Manyoya yameshikana kama godoro la sufi lililolowa, kucha zimejikunja mpaka moja imeingia kwenye nyama ya mguu, na huo mdomo, unageuza uso. Hata kubweka hakubweka. Anatazama mlango tu.

Wakaja watu wa kituo cha wanyama. Wakasema kituo kimejaa, na mbwa wa miaka 13 mwenye moyo mbovu hana wa kumchukua, watu wanataka vitoto. Kwa hiyo wanatafuta mtu wa kukaa naye nyumbani, kituo kinalipa daktari na dawa, wewe unatoa pa kulala na mkono wa kumpa hizo dawa, unasaini fomu, mbwa anabaki wa kwao. Nikajisikia nasema wiki mbili. Huu mwezi wa tatu.

Alinyolewa lote akabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mbwa mzima ana meno 42, yeye waling'oa 17 siku moja. Masikio hayasikii. Kikohozi ni moyo, kuna valvu haifungi sawasawa damu inarudi ilikotoka, moyo unatanuka unabana njia ya hewa. Vidonge asubuhi na jioni mpaka mwisho wake, na vingine vya kumkojoza ili maji yasijae kwenye mapafu, sasa hivyo ndo vinanitoa nje saa nane usiku na kandambili kwenye theluji namsubiri bwana mkubwa achague mti. Daktari kanifundisha kumhesabu pumzi akiwa amelala, kwa dakika moja kifua kipande chini ya mara 30, ikizidi nipige simu. Basi nikitoka shifti, kabla sijavua hata koti, nahesabu.

Mama najua unachouliza. Chumbani ninaposali haingii, mlango unafungwa. Akiwa mkavu na mimi mkavu hakuna neno, shida ni mate, na akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Sasa huo udongo! Nilinunua mfuko wa udongo wa maua supamaketi, nikafika nyumbani nikawaza humu si wameweka samadi, nikashuka kuchimba nyuma ya jengo na kijiko, bibi wa jirani yuko dirishani ananitazama. Sijui alifikiri nazika nini. Na mama, hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa maji na kiatu chake, Mungu akamsamehe, ni wewe uliyekuwa unatusimulia.

Jumapili nilimpeleka kwa mzee wake. Mzee ameshuka sana, mimi hakunitambua. Ila mzee alimtambua mbwa wake, akawa anamuita, anamuita, na mbwa hasikii, anapita zake ananusa miguu ya viti. Mpaka pua ilipogusa ndala ya mzee. Akasimama hapo hapo, akalala juu ya ule mguu, na tulipoondoka ilibidi nimbebe.

Halafu mnicheke, dawa alikuwa anazitema, nikaweka kwenye jibini anakula jibini anaacha kidonge, nikaweka kwenye nyama hivyo hivyo. Siku nachambua dagaa mlionitumia akaja mwenyewe jikoni. Naloweka mmoja, naficha kidonge tumboni, anameza bila swali. Mbwa wa Kijerumani huyu! Ila wawe wale wasiotiwa chumvi, moyo wake hautaki chumvi. Kwa hiyo baba mdogo ukipata mtu anayekuja huku, wa Kibirizi, kilo moja inatosha, na mawese kidogo ya kwangu mimi.

Mwambieni kaka wale mbwa wake wawili awapeleke chanjo ya kichaa cha mbwa, asingoje mtoto ang'atwe, ule ugonjwa dalili zikishaanza hauponi. Na wakiumwa asiwape Panadol wala Diklofenaki kama alivyofanya kwa yule wa zamani, zinaweza kuwaua. Na mwambieni pia huku mbwa analipiwa kodi halmashauri kila mwaka, najua atabisha.

Mama nijibu hata kwa ujumbe wa sauti, hata kama ni wa kunigombeza. Yeye kalala hapa mlangoni kwenye koti langu la zamani. Nimehesabu sasa hivi, 24.

Mwanao kitinda mimba