Viti mwendo vya umeme viwafikirie na wahudumu

Mhariri,

Wanaobuni viti mwendo vya umeme kwa ajili ya makao ya wazee humfikiria anayekaa, wakamsahau mhudumu anayemtoa kitandani na kumrudisha kutwa nzima. Mgongo wake ndio unaoumia.

Tuanze na kiegemeo cha mkono. Kikikazwa kwa skrubu, mhudumu hana budi kumnyanyua mzee kukivuka. Kikikunjika kwenda nyuma, na kiti kikilingana kimo na kitanda, mzee huteleza tu juu ya ubao wa kuhamishia. Vikanyagio navyo vifunguke kando, maana mzee akisimama juu yake kiti huweza kupinduka mbele.

Kijiti cha kuendeshea kiwepo pia nyuma, karibu na mpini. Kile cha mbele kikiguswa na mkono wa shati wakati wa kuhamisha, kiti huondoka ghafla. Kwa hiyo swichi ya kuzima ifikiwe bila mhudumu kumwachia mzee.

Hatari kubwa ni klachi, yaani kifaa kinachounganisha mota na magurudumu. Ikilegezwa ili kiti kisukumwe kwa mikono, breki ya mota haishiki tena. Kwenye mteremko, kiti cha kilo 60 chenye mzee juu yake humshinda mhudumu mmoja. Wenzo wa klachi uwe mwekundu, na breki ya mkono iwepo.

Betri mbili za madini ya risasi za volti 12 zichajiwe kila usiku, kwani zikikaa tupu huharibika haraka. Tundu la chaja liwekwe juu, mhudumu asilazimike kupiga magoti kulitafuta.

Mafundi wa viti mwendo,
Dar es Salaam