Barua kwa mwanangu kuhusu neno donna

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu na za nyanya yako, ambaye goti lake limepata nafuu tangu mvua zilipokatika. Ujumbe wako ulinifikia juzi, nami nimefurahi kwamba utakuja likizoni na mwenzako. Umemwita "dame wangu". Neno hilo limenikaa moyoni, si kwa kuwa ni tusi, bali kwa kuwa najua lilikotoka, na mimi mwenyewe nimeitwa kwa ndugu yake miaka mingi.

Unakumbuka kwamba nilifanya kazi ya usafi katika hoteli ya Waitaliano hapa mjini tangu ulipokuwa darasa la pili. Sisi tuliokuwa tukifagia na kutandika vitanda tuliitwa donna delle pulizie, yaani mwanamke wa usafi, nami kwa muda mrefu nilidhani donna maana yake ni mtumishi. Aliyenitoa gizani ni mgeni mmoja mzee, mwalimu mstaafu wa Kilatini, ambaye alisimama mlangoni nikibadilisha mashuka akaniambia kwamba neno lile, tangu asili yake, ni la mwenye nyumba.

Katika Kilatini, nyumba ni domus, bwana mwenye nyumba ni dominus, na bibi mwenye nyumba, yule anayeamrisha watumwa na kutiiwa, ni domina. Ndimi za watu zilipozoea kulitamka kwa haraka, irabu ya katikati ilimezwa, likawa domna, kisha ile m ikageuka na kufanana na n iliyoifuata, Waitaliano wakabaki na donna. Kutoka shina hilo hilo Wahispania wana doña, Wareno dona, na Wafaransa dame. Hiyo dame ya Wafaransa ilivuka bahari ikaingia katika Kiingereza, na kutoka Kiingereza imefika katika Sheng yenu ya Nairobi.

Jambo ambalo hadi leo hunishangaza ni kwamba Waitaliano walilichukua jina la heshima wakalifanya jina la kila mwanamke, awe na nyumba au asiwe nayo. Majirani zao hawakufanya hivyo. Mfaransa humwita mwanamke femme, kutoka femina ya Kilatini, na Mhispania humwita mujer, kutoka mulier. Katika Kiitaliano mulier imekuwa moglie, yaani mke wa ndoa, na femina imekuwa femmina, neno linalotajwa sana kwa wanyama na ambalo, likielekezwa kwa mtu, laweza kunuka dharau. Mwanamume naye ni uomo, kutoka homo, yaani binadamu. Yule mzee aliniambia hayo kwa uzito, nami nikayarudia kimya kimya nikisukuma toroli ya mashuka: katika lugha yao mwanamume ni mtu, na mwanamke ni bibi mwenye nyumba. Hata Madonna, wanavyomwita Bikira Maria, maana yake ni "bibi yangu", na zamani mwanamke yeyote wa heshima aliweza kuitwa hivyo.

Nililia siku ile, mwanangu, na sasa umekua vya kutosha kuambiwa. Sikulia kwa huzuni peke yake. Jina la mwenye funguo lilikuwa limeteremka ngazi moja baada ya nyingine hadi kumfikia anayefagia nyumba ya mwingine, na bado maana yake ya kwanza ilikuwa ndani yake, haijafutika. Neno letu bibi nalo limesafiri. Lilitoka Uajemi likiwa jina la mwanamke mwenye heshima. Leo huko Nairobi ni mke wa mtu, na kwa ndugu zetu wa Tanzania ni mama wa mama au wa baba.

Sikukatazi Sheng, kwa maana ndiyo lugha ya rika lako. Ila katika ujumbe wako wote umemtaja msichana huyo mara nne, na mara zote nne ni dame. Nyanya yako ameniuliza anaitwa nani, nami sikuwa na la kumjibu. Niandikie jina lake kabla hamjapanda basi, ili mkifika tumpokee kwa jina lake.

Mama yako