Msizipige msasa injini za ndege za mfano

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu kuuza vitu vya kale iliwashauri wasomaji wavipige msasa hadi ving'ae. Kwa masufuria ya shaba sina neno. Kwa injini ndogo za ndege za mfano, ushauri huo unafuta ushahidi, na mimi niliyekereza vyuma tangu ujana wangu Tanga hadi kustaafu huku Surrey siwezi kunyamaza.

Chukua injini za E.D., kampuni ya Kingston, Uingereza. Kiwanda kilizigonga alama mwilini: herufi ya kwanza ni mwezi, ya pili ni aina ya injini, kisha namba ya mfululizo, na tarakimu ya mwisho ni mwaka. Tarakimu 9 yaweza kuwa 1949 au 1959. Hapo ndipo tunapotazama umbo la kichwa, tangi na hata skrubu, kwa kuwa toleo hadi toleo vilibadilika kidogo kidogo. Msasa ukishapita juu ya alama ile, injini imebaki bila cheti cha kuzaliwa.

Injini za Mills, kampuni nyingine ya Uingereza, nazo zina mkanganyiko wake. Ile ya sentimita za ujazo 1.3 ilitoka 1946, na toleo lake la pili, Mk II, likafuata 1948. Ile ndogo ya 0.75 ilikuwa na sura mbili: P, isiyo na kikata mafuta, na S, iliyo nacho ili kipima muda kiizime injini ndege ikiwa angani. Baadaye India na Australia zikainakili. Muuzaji akihamisha tangi la S akalifunga kwenye P, au akachanganya vipande vya nakala na vya asili, anamuuzia mtu toleo ambalo halikupata kuwapo. Huo kwangu ni udanganyifu, hata kama injini inawaka.

Tena kuwaka kwenyewe kunaumia. Hizi ni dizeli zisizo na plagi. Mchanganyiko wa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo hushika moto kwa mgandamizo tu. Pistoni na silinda yake vilisuguliwa pamoja kiwandani vikaoana. Ukivitenganisha ukavioanisha na vya injini nyingine, mgandamizo unavuja na hakuna ringi ya kuuokoa.

Wapo wasomaji ambao baba zao walisoma Uingereza miaka ya hamsini na sitini wakarudi na injini kama hizi. Ukiikuta kabatini imeganda, usiizungushe kwa koleo. Ni mafuta ya nyonyo yaliyokauka. Ipashe joto taratibu, italegea. Piga picha pande zote, nakili kila herufi iliyogongwa, na kasha lake la karatasi usilitupe, wala kijikaratasi cha maelekezo kilichomo.

Naomba gazeti lichapishe sahihisho kabla ya Jumapili ijayo, maana kuna watu watakaoshika msasa wikendi hii.

Fundi mkereza vyuma mstaafu,
Surrey, Uingereza