Usianze na wastani

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Hongera kwa kukabidhiwa kazi ya taaluma. Unauliza yale makaratasi ya matokeo yaliyojaa kabatini yatamsaidiaje mtoto wa familia isiyojiweza kumfikia mwenzake. Swali hilo limeninyima usingizi miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikikujibu kwa kirefu.

Usianze na wastani wa darasa. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hiyo nilisimama mbele ya walimu wenzangu nikatangaza kuwa wastani umepanda, tukapigiana makofi. Jioni nikayapanga upya yale majina, watoto wenye nafuu nyumbani upande huu na wenye dhiki upande ule, nikanyong'onyea. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Darasani wamo watoto 40. Wakipanda 30 kwa alama sita kila mmoja, na 10 wakashuka kwa alama sita, wastani unapanda alama tatu. Shule inashangilia, na wale kumi wameachwa mbali zaidi kuliko jana. Tangu siku ile sitoi wastani bila kuugawa kwa makundi.

Ila ukishaugawa, usiishie hapo. "Watoto maskini" si ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Na kundi likiwa dogo, asilimia zinakuchezea: kati ya watoto wanne, mmoja tu akifeli umeshapoteza asilimia 25. Shuka mpaka kwenye majina, halafu shuka tena mpaka kwenye karatasi yenyewe ya mtihani.

Nikueleze habari ya kijana mmoja. Kila mtihani wa hisabati alipata thelathini na kitu, na sote tulishaamua kuwa hesabu hajaliwa. Tukampa masomo ya ziada ya hisabati muhula mzima, alama zikabaki palepale. Siku moja nikachukua karatasi yake nikaipitia swali kwa swali. Kujumlisha, tiki. Kuzidisha, tiki. Sehemu, tiki. Nilipofika kwenye mafumbo, yale maswali ya hesabu yanayoelezwa kwa maneno, sifuri tupu, na mengine hakuyagusa kabisa. Nikamwita, nikamwomba anisomee fumbo moja kwa sauti. Akakwama kwenye neno la tatu, kidole kimeganda juu ya neno hilo, macho yake yakinitazama mimi badala ya karatasi. Hesabu alikuwa anazijua. Kusoma ndiko kulikomshinda, na kwa muhula mzima tulikuwa tukimtibu ugonjwa ambao hana. Tulibadili mpango siku ileile: dakika ishirini za kusoma kila siku na mwalimu mmoja, na jaribio fupi baada ya wiki sita tuone kama kuna kilichosogea. Kilisogea.

Kwa hiyo nakusihi, andika alama za kila swali, si jumla peke yake. Ni kazi ya kuchosha, najua. Anza na mtihani mmoja na darasa moja.

Kabatini humo humo lipo daftari la mahudhurio, ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko matokeo yote, kwa sababu matokeo yanakuja mambo yakiwa yameshaharibika. Marekani huhesabu kuwa mtoto aliyekosa asilimia 10 ya siku za masomo yuko hatarini; katika mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, yaani kama mbili tu kwa mwezi. Siku mbili kwa mwezi nani atazishtukia asipozijumlisha? Kule Chicago watafiti wa chuo kikuu walionyesha mwaka 2005 kwamba mwanafunzi aliyeumaliza vizuri mwaka wa kwanza wa sekondari, masomo yametimia na hakufeli somo kuu la muhula zaidi ya mara moja mwaka mzima, alikuwa na nafasi zaidi ya mara tatu na nusu ya kuhitimu kwa wakati kuliko asiyefikia hapo. Shule zikaanza kuwafuatilia mapema watoto wasiofikia hapo, mmoja mmoja, wangali wanaokoleka.

Mtego mmoja uuepuke. Utashawishika kuwakazania walio alama mbili tatu chini ya mstari wa kufaulu, maana hao ndio wanaopandisha takwimu za shule haraka. Uingereza ilipokuwa ikizipima shule kwa idadi ya waliopata daraja la C au zaidi, nguvu nyingi zilikwenda kwa waliokuwa ukingoni, na wa chini kabisa wakasahaulika. Kuanzia 2016 kipimo kikuu kikawa Progress 8, kilichotazama kila mtoto amepiga hatua gani tangu alipoanzia. Hakikukosa kasoro, lakini angalau mtoto wa mwisho alihesabika. Wewe huhitaji kusubiri wizara ibadili kipimo: ongeza safu moja tu kwenye jedwali lako, uandike alama alizoanza nazo.

Na orodha ya watoto wenye shida, tafadhali, isibandikwe ukutani wala isisomwe mbele ya wenzao. Hata kwa walimu, wape kile wanachoweza kukifanyia kazi: huyu hasomi vizuri, yule anakosa kipindi cha kwanza. Nimewahi kumsikia mwalimu akisema "huyu ni wa lile kundi", na tangu hapo hakumuuliza yule mtoto swali hata moja darasani. Iliniuma sana.

Chagua majina kumi wiki hii, uniandikie umeona nini kwenye karatasi zao. Kama kuna swali ambalo wote kumi wamelikosa, ninakilie lilivyo, tulitazame pamoja.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.