Umetundika daluga bila kuaga?

Tacoma, 14 Agosti 2025

Swahiba Baku,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, mama watoto mzima, watoto wanakula kama wamekodishwa. Salamu zimekwisha, sasa nijibu: ni kweli umetundika daluga? Miaka kumi na tisa langoni, halafu habari naipata kwa Mudi, tena katikati ya stori ya bei ya dagaa! Mudi, mtu aliyesahau kutualika harusini kwake!

Nilitaka nikupigie usiku uleule nikutukane. Nikajizuia, maana Jumamosi nilikuwa nimeona jambo ambalo bado linanizunguka kichwani, na kwa simu ungenikata kabla sijafika kati.

Nilikwenda Seattle kuangalia besiboli. Cheka kwanza, nakusubiri. Mzee mmoja wa kazini alikuwa na tiketi ya ziada, nami nikafuata chakula. Uwanjani wanauza panzi wa kukaanga, wallahi, wenye ndimu na pilipili. Mwambie Rwegasira Wamarekani wameshazijua senene, ila kuzikaanga bado hawajaweza.

Siku hiyo timu ya Mariners ilikuwa inastaafisha jezi namba 51 ya Mjapani mmoja, Ichiro Suzuki, yaani isivaliwe tena na mchezaji mwingine. Alifika hapa mwaka 2001, mwembamba kama wewe kabla hujaoa. Wajapani waliomtangulia kwenye ligi hii walikuwa warushaji, mpigaji hakuna. Watu wakasema upepo utamwangusha. Mwaka huohuo timu ikashinda mechi 116, naye akabeba tuzo ya mchezaji bora na ya mchezaji bora mpya kwa mpigo. Mwaka 2004 akafikisha mapigo 262 katika msimu mmoja, yaani mipira aliyoipiga akafika kituoni salama, akaivunja rekodi ya 257 iliyokaa tangu 1920. Ukijumlisha ya Japani na ya Marekani yanakuwa 4,367. Na si mapigo ya nguvu, Baku. Wenzake wanaupiga mpira utoke nje ya uwanja. Yeye anaudokoa tu upite katikati ya watu, kisha miguu inamaliza kazi. Kama Chande alivyokuwa anakufunga penalti. Samahani, limenitoka.

Yule mzee alikuja na glavu yake ya ngozi, imeshonwa upya kwa uzi wa kuvulia samaki, kaipakata mapajani mechi nzima akisubiri mpira urukie jukwaani. Anaibeba tangu 1977, mwaka timu ilipoanza. Hajadaka hata mmoja. Nikamwangalia nikakuona wewe.

Basi ndiye aliyenisimulia Ichiro alivyoondoka. Mwenyewe alikuwa akisema atacheza angalau mpaka afike miaka 50. Machi 2019 wakampeleka Tokyo kwa mechi mbili, ana miaka 45. Mechi ya pili, kupiga mara nne, kufika kituoni hata mara moja hakuna. Mpira wa mwisho ukaviringika kwa mdakaji mmoja wa uwanjani, naye akakimbia kama anadaiwa, akachelewa kituo kwa kiduchu. Akatoka huku uwanja mzima umesimama, anakumbatia wenzake mmoja mmoja. Yusei Kikuchi, kijana wa Kijapani aliyekuwa ndio kwanza anairushia timu hiyo mechi yake ya kwanza, akalia machozi mbele za watu. Mechi ikaisha, watu wakagoma kwenda kwao mpaka alipotoka tena kuwapungia mkono.

Yaani aliaga. Unanielewa? Aliaga.

Mudi anasema umeacha kwa sababu ya goli la Muheza. Lile la kupita kati ya miguu. Baku, tangu lini? Mimi nilikuwa nyuma ya lango siku ile, uwanja ulikuwa tope, mpira uligonga kisiki cha nyasi ukabadili njia... lakini hilo tulishabishana miaka yote, acha.

Nikupe jingine. Januari mwaka huu walipompigia Ichiro kura za kuingia jumba la magwiji kule Cooperstown, alipata 393 kati ya 394. Mtu mmoja alimnyima. Huku watu walitaka kumsaka huyo mtu kwa tochi! Mwenyewe akasema ni vizuri ikapungua moja, na kwamba angependa kumkaribisha huyo bwana nyumbani wanywe pamoja. Julai, siku ya kuingizwa rasmi, akasimama akahutubia kwa Kiingereza, akasema mwaliko umeshapita muda wake. Kila aliyekuwepo akacheka. Kura yake moja kaifanyia mzaha. Wewe goli lako moja umelilia mpaka umetundika glavu.

Na usidhani amekaa barazani. Ana miaka 51 sasa, sawasawa na namba ya mgongoni, na bado anavaa jezi anawarushia vijana mipira ya mazoezi. Kwao Japani huwa anarusha kwenye mechi dhidi ya timu za wasichana wa sekondari, na anarusha kweli, hawaonei huruma.

Sasa nijibu moja moja, usiniruke. Ni goli au ni goti? Kama ni goti, umekwenda hospitali au unapaka tu ile mafuta ya bibi Mwanahawa? Nani kavaa namba moja yako? Zile glavu za bluu nilizokutumia, umemuuzia nani, au bado ziko juu ya kabati? Yule mtoto wa Chande anayeruka kama paka, ukimfundisha Jumapili mbili tu kwa mwezi utapungukiwa nini? Nikija Desemba, tunaweza kuwaita wote, hata Mudi, tucheze dakika ishirini uage kama watu? Nitapiga penalti mimi. Utaiacha ipite?

Wako,
Salimu